Nani Alimukula? Kifo cha Ghafula na Maulizo Yake katika Desturi za Bukavu

Katika Ibanda, kilio kinaonekana mbali. Shitingi inafungwa mbele ya nyumba, mara nyingine inakata avenue yote, viti vya plastiki vinakodiwa, wamama wa jirani wanaleta bugali na maharagi, na wanaume wanakesha penye moto. Kama marehemu ni mzee wa miaka 80, watu wanasimulia maisha yake, hata wanacheka kidogo. Lakini kama ni mtu wa miaka 45 ao 50, baba ao mama ambaye jana yake alionekana Nyawera akiwa mzima, mazungumzo yanageuka. Sauti zinashuka. "Asubui aliamuka muzima, akakunywa chai yake, akaenda ku kazi. Saa sita banatuita eti ameanguka." Kisha ulizo linakuja, kwanza kwa macho, halafu kwa mdomo: "Nani alimukula?"

Siku hizi woga huo umezidi. Watu wa umri wetu, kati ya miaka 40 na 60, wanahesabu wenzao walioanguka: mmoja ku ofisi, mwengine akipanda mlima wa Kadutu, mwengine usingizini pembeni ya bibi yake. Wanganga wa hospitali wanasema "krizi ya moyo" ao "tansio". Jamaa wanasema "sumu". Katika kurasa hizi chache tunapenda kuonyesha kwamba majibu haya mawili yana historia yao, kwamba historia hizo zilikutana fasi moja, na kwamba makutano hayo yanatutesa mpaka leo.

1. Ulizo la wazee halikuwa la ujinga

Bukavu ni mji wa watu wengi: Bashi na Bahavu kwanza, lakini pia Barega, Bafuliiru, Bavira, Babembe, Batembo na wengine. Kila kabila lina maneno yake juu ya kifo. Hata hivi, wengi wao wanapatana juu ya jambo moja: kuna kifo kinachopiga hodi na kuna kifo kisichopiga hodi.

Kifo kinachopiga hodi kinampa mtu muda. Anagonjwa, anawaita watoto, anasema ng'ombe gani iko kwa nani, shamba gani ni la mtoto gani, deni gani halijalipwa. Anasamehe na anasamehewa. Watoto wanashika maneno yake ya mwisho kama urizi wa kwanza. Kifo kisichopiga hodi kinakamata mtu na mdomo wake umefungwa.

Ili kuelewa kwa nini jambo hili liliogopesha sana, tukumbuke namna mali ilivyokaa katika Bushi ya zamani. Shamba lilipatikana kwa kalinzi, yaani mtu alitoa ng'ombe kwa chifu ao kwa mwenye udongo, akapewa fasi ya kulima yeye na wazao wake. Ng'ombe iliweza kuwekwa kwa mtu mwengine kwa bugabire, akaichunga na kunywa maziwa, bila kuwa yake kabisa. Mapatano hayo yote hayakuandikwa. Yalikaa katika kichwa cha watu wawili na katika macho ya washuhuda. Basi baba akianguka ghafula, nusu ya karatasi za nyumba zimezikwa pamoja naye. Kesho yake ndugu wanaweza kusema ng'ombe ni yao, na jirani anaweza kusogeza mupaka wa shamba.

Ndiyo maana wazee waliuliza "nani?" Walitafuta mwenye kupata faida. Mulaguzi aliitwa, akatazama, akataja ao akadokeza. Mara nyingi alidokeza mtu ambaye kila mmoja alikuwa amekwisha kumfikiri: ndugu mwenye mabishano ya shamba, bibi wa pili, mama-mkwe mzee, jirani ambaye mavuno yake yaliharibika. Ulizo hilo lilikuwa kwa namna fulani barza la familia, mahali ambapo chuki za siri zilitoshwa nje. Hatulisifu, kwa sababu liliharibu watu wengi wasio na kosa. Lakini tusiseme wazee walikuwa wajinga. Walikuwa na swali la kweli mbele yao, nalo ni hili: mtu ameondoka bila kumaliza mambo yake, na sasa sisi tutaishi namna gani?

2. Karuho katika mji

Mji ulipokua, ulizo lilibadilisha nguo lakini halikuhama. Katika Sud-Kivu neno linalosikika sana ni karuho: sumu ambayo watu wanasema inawekwa katika chakula ao katika kinywaji, mara inaua pole pole, mara kwa haraka. Kuna wanganga wa mizizi wanaojulikana kwa "kutapisha karuho", na wagonjwa wengi wanapita kwao kwanza mbele ya kufika hospitali.

Desturi zetu za kunywa zinaonyesha kwamba woga huu si wa leo. Mwenye kumkaribisha mgeni kwa kasiksi anaonja kwanza yeye mwenyewe, kisha ndipo anampa mgeni. Tunaita hiyo heshima, na ni heshima kweli. Lakini mwanzo wake ni kusema: "Tazama, hakuna kitu ndani." Hata leo katika bar, mtu mzima anapenda chupa ifunguliwe mbele ya macho yake, na akienda nje anamaliza glasi kwanza ao anaiacha kabisa.

Tazameni vizuri ni nani anayesemwa kuwa amelishwa karuho. Wengi ni wale waliofikia kidogo: aliyenunua parcelle, aliyepata cheo, aliyejenga nyumba ya etage, mama mwenye depo ya bidhaa. Yaani ni watu wa miaka 40 hadi 60. Katika umri huo mtu anakuwa na kitu ambacho wengine wanaweza kukitamani. Lakini katika umri huo huo tansio inaanza kupanda, tumbo linatoka, sukari inaingia katika damu, na mishipa ya moyo inaanza kuziba. Wivu na ugonjwa vinafika kwa mlango wa mtu katika miaka ile ile. Ndiyo sababu ni rahisi sana kuvichanganya.

Kuna jambo jingine ambalo linaongeza mchafuko. Krizi ya moyo haionyeshi kila mara mkono juu ya kifua kama katika filamu. Mtu anaweza kusikia uchungu juu ya tumbo, kama vile vidonda vya tumbo. Anatoka jasho baridi, anatapika, anakosa pumzi, anasema "niko naungua ndani". Kama yote hayo yalianza nusu saa baada ya kula kwenye sherehe, nani kati yetu hatafikiri sumu? Basi wanamnywesha maziwa ao mafuta ya ngazi, wanamtafutia mtu wa kumtapisha, na saa zinapita. Na katika ugonjwa huu saa njo uhai. Mshipa unaopeleka damu katika nyama ya moyo umeziba. Nyama hiyo inaanza kufa. Mapigo yanaweza kuvurugika na moyo kusimama kwa dakika chache.

3. "Ugonjwa wa Wazungu"

Sasa tuje upande wa pili, upande wa hospitali. Watu wanafikiri kwamba tangu Wazungu walipofika, munganga alikuwa akisema "moyo" na mwenyeji akisema "ulozi". Haikuwa hivyo. Kwa muda mrefu munganga wa kikoloni naye alikataa kwamba moyo wa Mweusi unaweza kugonjwa namna hiyo.

Mfano unaojulikana unatoka Kenya. Mwaka 1929 munganga Mwingereza, C. P. Donnison, aliyefanya kazi katika Kavirondo ya Kusini, aliandika katika gazeti la The Lancet kwamba alipima tansio ya wenyeji 1,000. Aliona kwamba baada ya miaka 40 tansio yao haipandi kama ile ya Wazungu, bali inashuka. Akaongeza kwamba kati ya wagonjwa karibu 1,800 waliolazwa katika hospitali yake katika miaka miwili, hakukuta hata mmoja mwenye tansio ya kupanda.

Miaka 30 baadaye, mwaka 1960, wanganga wa Uganda na wa Marekani walilinganisha maiti zilizopasuliwa Kampala na zile za St. Louis, 632 kila upande, za umri unaokaribiana. Katika St. Louis walikuta mioyo 136 yenye alama ya kufa kwa nyama ya moyo. Katika Uganda walikuta mmoja tu. Kisa cha Mwafrika mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo kilikuwa jambo la ajabu kiasi kwamba mwaka 1956 Trowell na Singh waliandika makala nzima juu ya mgonjwa mmoja tu.

Hesabu hizo hazikuwa za uongo. Wakati ule watu wetu walitembea kwa miguu, walilima, walikula viazi, maharagi na majani, chumvi ilikuwa haba na ya bei kali, na mafuta yalikuwa ya siku kubwa. Tena wengi walikufa na malaria, kifua kikuu ao kuharisha mbele ya kufika umri wa krizi ya moyo. Lakini kutoka kwa hesabu hizo lilizaliwa wazo lingine ambalo halikuwa la kweli: kwamba moyo na tansio ni magonjwa ya Wazungu, kama vile ni sehemu ya ngozi yao.

Wazo hilo lilipata udongo mzuri katika mji wetu, ulioitwa Costermansville wakati wa ukoloni. Mji ulijengwa kwa kutenganisha watu. Wazungu walikaa katika rasi za ziwa, upande wa Muhumba na Nguba, ambazo leo ni za Ibanda. Weusi waliwekwa Kadutu, baadaye na Bagira. Utabibu nao ulikuwa na sura mbili. Kwa wenyeji ulihangaika na magonjwa ya vijidudu na njaa ya watoto: wengi wanakumbuka kazi iliyofanywa Lwiro juu ya kwashiorkor. Kupima tansio ya baba wa miaka 50 kutoka Kadutu haikuwa kazi ya kwanza ya mtu yeyote.

Hapa njo penye makutano tuliyotangaza. Kama munganga anasema moyo ni ugonjwa wa Wazungu, Mweusi anayeanguka ghafula amekufa na nini? Hospitali haikuwa na jibu. Basi jibu la zamani likabaki peke yake uwanjani: amelishwa. Tunaona kwamba utabibu wa kikoloni, bila kutaka, ulisaidia karuho kuishi. Hata leo utasikia mtu msomi akisema: "Crise cardiaque? Ile ni ya Bazungu. Sisi batu beusi, tunakulwa." Anafikiri anatetea desturi ya mababu. Kumbe nusu ya maneno yake yametoka katika vitabu vya wakoloni.

4. Vifo viwili vya miaka ile

Vita vilipofika, kuamini "moyo" kukawa kugumu zaidi. Mwishoni mwa Novemba 1998 Kongo yote ilisikia kwamba Pépé Kallé wa Empire Bakuba amekufa Kinshasa kwa krizi ya moyo. Hakuwa bado na miaka 50. Alikuwa mtu mrefu na mnene sana, na unene ule ulikuwa sehemu ya jina lake na ya furaha yetu. Ingekuwa nafasi ya kufunzana kwamba moyo wa Mkongomani unaweza kusimama. Lakini ilikuwa miezi michache baada ya vita ya Agosti 1998, na sisi wa mashariki tulikuwa na maiti zetu.

Kifo kilichogusa Bukavu kupita vyote ni cha Monseigneur Emmanuel Kataliko. Tukumbuke mfuatano wa mambo. Tarehe 29 Oktoba 1996 mtangulizi wake, Monseigneur Christophe Munzihirwa, aliuawa hapa Bukavu, na mwaka 1997 Monseigneur Kataliko akachukua fasi yake. Noeli ya 1999 aliandika ujumbe wa kutetea watu wake. Februari 2000 wakuu wa RCD, waliotawala mji wakati ule, wakamhamisha kwa nguvu Butembo. Alikaa huko miezi saba. Tarehe 14 Septemba 2000 alirudi, na mji ukamiminika barabarani kumpokea. Kisha akaenda Roma kwa mkutano wa maaskofu wa Afrika. Tarehe 4 Oktoba 2000, majuma matatu tu baada ya furaha ile, habari ikafika: amekufa, krizi ya moyo. Alikuwa na miaka 68.

Nani katika Bukavu alikubali mara moja? "Bamemumaliza," njo neno lililopita kutoka Ibanda mpaka Bagira. Hatutaki kuwacheka waliosema hivyo, kwa sababu na sisi tulikuwa kati yao. Mji uliomwona askofu wake wa kwanza akiuawa, je, utaamini upesi kwamba wa pili aliondoka na moyo wake mwenyewe? Historia yetu imetufunza kwamba "nani" lina jibu mara nyingi. Huo si ulozi, ni mambo yaliyotufikia.

Lakini tuweke jambo moja juu ya meza. Mwanaume wa miaka 68, aliyebeba mji wenye vita, aliyefukuzwa, aliyekaa miezi saba mbali na kundi lake, kisha akarudi katika makelele na safari ya mbali: moyo wa namna hiyo hauhitaji sumu ili usimame. Wanganga wakisema krizi ya moyo, hawasemi kwamba hakuna aliyemtesa. Mateso yanaweza kupita ndani ya moyo. Katika Sud-Kivu tumezoea kuchagua: ni ugonjwa ao ni watu. Tumesahau kwamba watu wanaweza kufanya ugonjwa.

5. Vita, mji na mishipa

Elimu ya leo inasaidia kuelewa jambo hili. Tarehe 17 Januari 1994 udongo ulitetemeka upande wa Los Angeles, fasi inayoitwa Northridge. Wanganga walihesabu watu walioanguka siku ile kwa moyo: walikuwa 24, na siku za kawaida wastani ulikuwa chini ya 5. Wengi wao hawakuangukiwa na ukuta. Woga uliangukia moyo uliokuwa umekwisha kugonjwa kimya kimya. Sisi wa Bukavu, tulioona tetemeko la 3 Februari 2008, vita vya 1996, 1998 na Juni 2004, tena mji kukamatwa na M23 Februari 2025 na benki kufunga, tunaweza kuelewa somo hilo bila mwalimu.

Hata bila vita, mji wenyewe unagusa damu. Katika Kenya, watafiti walifuata Waluo waliotoka vijijini kwenda kuishi Nairobi. Walikuta kwamba tansio yao ilianza kupanda upesi baada ya kufika mjini, katika miezi tu, pamoja na chumvi zaidi katika chakula na uzito wa mwili. Watu walikuwa wa damu ile ile, ukoo ule ule. Kilichobadilika ni maisha. Hapo wazo la "ugonjwa wa Wazungu" lilikufa, hata kama wengi hawajasikia habari ya kifo chake. Mwaka 2004 uchunguzi mkubwa ulioitwa INTERHEART, uliofanywa katika inchi 52, Afrika ikiwa ndani, ulionyesha kwamba mambo tisa yale yale yanaeleza sehemu kubwa ya krizi za moyo duniani kote: tumbako, mafuta mabaya katika damu, tansio, sukari, tumbo kubwa, mashaka ya roho, kukosa matunda na mboga, kutotembeza mwili, na namna ya kunywa pombe.

Na hapa kwetu, wanganga na watafiti wa Bukavu walifanya uchunguzi ulioitwa Vitaraa, uliochapwa mwaka 2011, juu ya tansio ya watu wazima wa Sud-Kivu. Walikuta kwamba tansio si jambo la watu wachache wenye pesa, bali imeenea katika mji na hata katika vijiji. Tuangalie tu maisha yetu. Vita viliwafukuza watu wa Walungu, Kabare na Kalehe mpaka Panzi, Kadutu na Essence. Aliyekuwa akilima anakaa sasa nyuma ya meza ya kuuza vocha. Sombe inapikwa na mafuta mengi na kube mbili. Tumbo la baba linaitwa heshima. Akikonda, watu wanamuuliza kama yuko na ugonjwa mbaya. Mshahara hautoshi, minerval inangoja, mwenye nyumba anagonga. Usiku risasi, mchana deni.

Na tansio yenyewe haina kelele. Mtu anaweza kuibeba miaka kumi bila kusikia kitu. Akipimwa na kupewa dawa, anakunywa mwezi mmoja, anajisikia vizuri, anaacha. Siku anaanguka, ao mkono na mguu vinakufa upande mmoja, jamaa wanaapa kwa Mungu kwamba "hakukuwaka mugonjwa". Ni kweli hakuwa mgonjwa machoni petu. Wazee wa Kiswahili walisema: mficha maradhi, kilio humfichua. Lakini kwa tansio, hata mwenyewe amefichwa.

6. Wanaolipa ulizo letu

Kama ulizo "nani alimukula?" lingekuwa maneno ya penye moto tu, tungeliacha. Lakini kuna wanaolilipa. Wa kwanza ni mjane. Bwana yake ameanguka, naye njo aliyempikia chakula cha mwisho. Mbele kilio hakijatoshwa, mashemeji wanamtazama vibaya, wanahesabu vyombo, wanamuuliza ufunguo wa chumba. Mara nyingi maneno ya sumu na maneno ya parcelle yanatembea pamoja. Wa pili ni mama mzee. Septemba 2021 katika wilaya za Sud-Kivu, zaidi sana Kalehe, wanawake wanane waliosemwa kuwa walozi waliuawa kwa kuchomwa moto ao kupigwa na watu. Waliotaja majina yao ni wale wanaoitwa bajakazi, wenye kudai kwamba wanaona walozi katika maombi. Mulaguzi wa zamani alikuwa na mwami na wazee juu yake, na maneno yake yalipimwa barzani. Mujakazi wa leo ana kundi la vijana wenye petroli. Hatuwezi kuita hiyo desturi.

Wa tatu anayelipa ni mgonjwa wa kesho. Kama kaka mkubwa alikufa na tansio lakini familia imeandika moyoni "sumu", wadogo zake hawatakwenda kupimwa. Watagombana na jirani, watahama avenue, watafunga mdomo kwa shangazi. Na ugonjwa ule ule, ambao mara nyingi unatembea katika familia, utawakuta fasi walipohamia.

7. Desturi inaweza kuuliza vizuri zaidi

Hatusemi kwamba sumu haiko duniani. Iko, na mwenye kuishuku ana njia: hospitali, uchunguzi wa maiti, parquet. Tunasema tu kwamba "nani" lisitangulie "nini". Na tunaamini desturi zetu zenyewe zinaweza kubeba mabadiliko haya, kwa sababu kilio ni shule ambayo kila mtu anahuzuria.

Jambo la kwanza: penye moto, mtu wa heshima aulize kwa upole, "Alikuwa anapimwa tansio? Baba yake alikufa namna gani? Alikuwa anakunywa dawa?" Ulizo kama hilo likirudi katika vilio vitano, kumi, litakuwa desturi. Sisi walimu tunafundisha moyo na mishipa darasani, kisha mtoto anakwenda kilioni na kusikia kwamba moyo wa Mweusi hausimami wenyewe. Kati ya masomo haya mawili, anashika lile la usiku.

La pili: siku ya kutosha kilio, wakati jamaa wote wako pamoja, wamwombe muuguzi wa jirani alete mashini yake, ndugu wapimwe mmoja mmoja kuanzia miaka 40. Mashini ni ndogo na kazi ni ya dakika chache. Tunakusanya franka za shitingi na za viti. Tunaweza pia kukusanya za hiyo.

La tatu: mtu akishikwa na uchungu wa kifua ao wa juu ya tumbo, pamoja na jasho baridi, kukosa pumzi, ao uchungu unaokwenda mkononi na penye taya, asinyweshwe kitu cha kumtapisha. Asipande moto peke yake. Apelekwe mara moja hospitali kubwa yenye mashini ya kuandika mapigo ya moyo. Kama ni sumu, hospitali itaona. Kama ni moyo, muda haukupotea.

La ine, na ndilo linalotoka moja kwa moja kwa wazee: tusingoje kifo kipige hodi ili tuseme mambo yetu. Wakati wa kalinzi, maneno yalikaa katika kichwa. Leo tuna karatasi. Mwenye miaka 45 aandike parcelle ni ya nani, likelemba imefika fasi gani, nani anamdai, anamdai nani, na amwonyeshe bibi yake na mtoto mkubwa fasi karatasi ilipo. Watu wanaogopa kwamba kuandika hivyo ni kuita kifo. Lakini baba wa zamani aliyeita watoto mbele yake hakuita kifo. Alikifungia mlango wa fitina. Mali ikiwa imesemwa waziwazi, hata ulizo "nani amepata faida?" linakosa chakula, na mjane anaweza kulia bwana yake bila kujitetea.

Wazee waliuliza "nani" kwa sababu walitaka wenye kubaki waishi kwa amani. Tukitaka kuwa wazao wao wa kweli, tushike nia hiyo na tubadilishe neno moja katika ulizo. Badala ya "Nani alimukula?" tuulize "Nini ilimukula?" Kisha twende tupimwe.